Mkono Uliopigwa Wakati wa Kutupa

Katika mpira wa kikapu hakuna jambo linalowagombanisha vijana kama hili: mchezaji anatupa mpira kikapuni, mwenzake wa upande wa pili anampiga mkono, filimbi inalia. Mmoja husema, "Apewe mitupo miwili!" Mwingine hujibu, "La, alikuwa hajaanza kutupa!" Nami, kwa kuwa hushika filimbi mara nyingi kiwanjani petu, napenda kuwaeleza mwamuzi hutazama nini.

Mchezo huu ulibuniwa mwezi wa Desemba, 1891, na James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha Y.M.C.A. mjini Springfield, Marekani. Alitundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13. Kushika, kusukuma, kupiga na kumtega mtu kulikatazwa tangu hapo. Aliweka waamuzi wawili, mmoja awatazame watu na mmoja autazame mpira. Upande uliokosa mara tatu mfululizo, wapinzani wao walihesabiwa goli moja. Adhabu hiyo haikumtenga yule aliyepigwa hali anatupa. Sheria za siku hizi humtenga.

Swali la kwanza la mwamuzi ni hili: je, alikuwa amekwisha kuanza kutupa? Hatazami nia iliyo moyoni, maana nani aionaye? Hutazama mikono. Mpira ukianza kupandishwa kuelekea kikapu, tendo la kutupa limeanza. Tena mtu akiwa ameruka, tendo hilo haliishi mpira utokapo mkononi, bali laendelea hata miguu yake yote miwili irudi chini. Kwa hiyo amsukumaye mtu aliye hewani amekosa, ingawa mpira umekwisha kwenda zake. Naona sheria hii ina huruma, kwa kuwa aliye hewani hana pa kujishika.

Hapo mwamuzi hupiga filimbi na kuinua ngumi, huku akiufuata mpira kwa macho. Ukiingia, goli huhesabiwa, na aliyekosewa huongezewa mtupo mmoja huru. Usipoingia, hupewa mitupo miwili. Na kama alitupa kutoka nje ya ule mstari mkubwa, ulio mita 6.75 kutoka kikapu, hupewa mitatu. Yaani hurudishiwa kadiri ya nafasi aliyonyang'anywa. Kosa lililotangulia kutupa huleta mpira wa kurushwa kutoka kando tu, isipokuwa upande uliokosa umekwisha kufanya makosa manne katika robo ile.

Mwaka mmoja tulicheza na vijana wa shule jirani, nami nikawa mwamuzi kwa ridhaa ya pande zote mbili. Shule yetu ilikuwa mbele kwa pointi moja. Mgeni mmoja akaruka karibu na kikapu, na kijana wetu akampiga mkono, mpira ungali kiganjani mwake. Nikapiga filimbi. Mara saa ikaisha, na mpira ukagonga ubao ukaanguka. Watoto wetu wakapiga kelele kwamba mchezo umekwisha. Walakini kosa lilitangulia saa, na mitupo ile ilikuwa haki yake. Nikawaondoa wote, akasimama peke yake mstarini, mikono ikimtetemeka. Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukazunguka juu ya chuma, nao ukaingia. Tukashindwa, na kwa siku kadhaa baadhi ya wanafunzi wangu waliniamkia shingo upande.

Jioni ile kijana aliyekosa alinijia, akaniuliza, "Mwalimu, je, mlinzi hana haki yoyote?" Nikamwambia anayo. Mlinzi akiwahi kusimama mbele ya mwenzake, miguu yote miwili chini, nafasi iliyo juu yake ni yake. Aweza kuruka wima na kunyosha mikono juu; mtupaji akimgonga kifuani, mlinzi hana kosa. Kosa huja mikono inapoinama mbele na kumshukia mwenziwe. Basi tukaenda kiwanjani kabla ya giza kuingia, nikashika mpira, naye akaruka mbele yangu tena na tena, mikono juu, mpaka akazoea kutoishusha.