Hesabu ya Karata Tano

Neno la karata linatugawanya katika parokia zetu. Wengine wasema ya kuwa karata ni vitu vya Shetani, na kila aliye nazo nyumbani azitupe motoni. Wengine wajibu: Ni mchezo tu, zinatusaidia kukesha usiku wa kilio, wala hatumwibii mtu. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi nje ya kanisa baada ya Misa, tena kwa sauti kubwa. Lakini tumeona jambo moja. Wanaozilaani na wanaozipenda, wote huzisema karata kana kwamba zina roho ndani. Huyu aogopa roho mbaya, yule angojea bahati yake. Leo sisi twataka kufanya kazi nyingine: kuzihesabu.

Tumeuchagua mchezo wa pokeri, kwa maana vijana wanaujua, hata katika simu wanaucheza, na kwa maana ngazi yake yote imesimama juu ya hesabu.

Karata ni 52. Zina rangi nne: kopa, uru, pao na shupaza, ingawa kwetu wengi huzitaja kwa Kifaransa. Kila rangi ina vyeo 13, tangu mbili mpaka kumi, kisha vale, dama, mfalme na asi. Mchezaji apewa karata tano, nazo tano hizo tutaziita mkono. Mwenye mkono mkubwa kuliko wenzake achukua fedha yote iliyo mezani. Basi mkono upi ni mkubwa? Vijana hujifunza ngazi hiyo kwa kichwa, kama mtoto anavyojifunza majibu ya katekisimu asiyoyaelewa bado. Chini kabisa ni mkono usio na kitu. Juu yake ni jozi, yaani karata mbili za cheo kimoja. Kisha jozi mbili, kisha tatu za cheo kimoja, kisha mfuatano kama tano-sita-saba-nane-tisa, kisha karata zote tano za rangi moja, kisha tatu pamoja na jozi, kisha nne za cheo kimoja, na juu ya zote mfuatano ulio wa rangi moja.

Ukimwuliza kijana kwa nini rangi moja yaushinda mfuatano, atajibu: Ndiyo sheria. Kumbe iko sababu, nayo ni nyepesi: kilicho adimu zaidi hukaa juu. Katika karata 52 yapatikana mikono 2,598,960 iliyo mbalimbali. Tutazame ile miwili. Kuchagua karata 5 katika 13 za rangi moja kuna njia 1,287. Rangi ni nne, basi ni 5,148. Ondoa 40 ambazo pia zinafuatana, kwa sababu hizo zina cheo chao cha juu, zabaki 5,108. Mfuatano nao waweza kuanza kwa namna 10, na kila karata yake yaweza kutoka katika rangi yoyote ya zile nne: 4 mara 4 mara 4 mara 4 mara 4 ni 1,024. Mara 10 ni 10,240. Ondoa tena zile 40, zabaki 10,200. Basi mfuatano wapatikana karibu mara mbili kuliko rangi moja, ndiyo maana unashindwa nayo.

Nne za cheo kimoja ni rahisi zaidi kuhesabu. Vyeo ni 13, na karata ya tano yaweza kuwa yoyote katika 48 zilizobaki: 13 mara 48 ni 624 tu. Tatu pamoja na jozi ni mikono 3,744. Tatu za cheo kimoja ni 54,912, jozi mbili ni 123,552, jozi moja ni 1,098,240, na mikono isiyo na kitu ni 1,302,540. Tazameni hizo mbili za mwisho. Katika mikono 100, kwa wastani zaidi ya 92 ni jozi moja au si kitu. Huo ndio mchezo wenyewe. Mengine ni masimulizi ya wachezaji. Na ule mkono unaotajwa kuliko yote, kumi-vale-dama-mfalme-asi wa rangi moja, uko mara 4 tu katika zote. Mtu akigawiwa mikono 100 kila usiku, pasipo kupumzika hata Jumapili, kwa wastani atauona mara moja katika miaka karibu 18.

Ngazi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Pokeri ilikua huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, katika New Orleans na katika mashua za moshi za mto Mississippi. Siku zile walicheza kwa karata 20 tu, za kutoka kumi mpaka asi, na mfuatano haukuhesabiwa. Wakati huo ngazi haikuwa sawa na hesabu! Kwa karata 20 mkono usio na jozi yoyote wapatikana mara 1,024 katika 15,504, lakini tatu za cheo kimoja ni mara 1,920. Ule uliokuwa adimu uliwekwa chini kabisa. Baadaye, karata 52 zilipozoeleka, wakaongeza rangi moja na mfuatano, kila moja mahali pake.

Hesabu ya michezo ni ya zamani kuliko pokeri. Mganga mmoja wa Italia, Gerolamo Cardano, aliyekufa mwaka 1576, alikuwa amecheza kamari miaka mingi, akaandika kitabu juu ya hesabu yake. Kilichapwa mwaka 1663. Lakini sisi twapenda zaidi habari ya Blaise Pascal. Mwaka 1654 aliandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya swali hili: watu wawili wamekubali ya kuwa atakayetangulia kushinda mara tatu atachukua yote. Kila mmoja ameweka vipande 32 vya dhahabu. Wa kwanza amekwisha kushinda mara mbili, wa pili mara moja, kisha mchezo wakatizwa. Wagawane namna gani kwa haki? Pascal akajibu hivi. Kama wangecheza mara moja tena, wa kwanza akishinda angechukua 64. Akishindwa wangekuwa sawa, kila mtu 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote. Zile 32 nyingine ni za shaka, zikatwe katikati. Wa kwanza apate 48, wa pili 16. Angalieni, hakuuliza nani anapendwa na bahati; aliuliza haki ya kila mtu ni ipi. Na mwaka ule ule, usiku wa tarehe 23 Novemba, Pascal aliguswa sana na Mungu, akayaandika hayo katika karatasi aliyoishona ndani ya kanzu yake. Baada ya kufa kwake ndipo walipoiona.

Sasa turudi mezani petu, siku ya mshahara. Kijana anazo karata nne za kopa na moja ya pao. Sheria yampa ruhusa kuitupa ile ya pao na kuvuta nyingine. Moyo wamwambia: Yaja! Tuhesabu. Asizoziona ni 47, na kopa zilizobaki ni 9. Basi katika mara 47 atapata mara 9, atakosa mara 38. Tuseme mezani pana franka 3,000, naye apaswa kuongeza 1,000 ili abaki mchezoni. Mara 38 atapoteza 38,000. Mara 9, hata tukikubali ya kuwa kila akipata atashinda, atapata faida ya 27,000. Atapungukiwa 11,000. Kama mezani pangekuwa na 5,000, angepata 45,000, na hesabu ingemwachia 7,000. Basi kopa ni zile zile, na moyo wapiga vile vile, lakini mara ya kwanza ni ujinga na mara ya pili si ujinga. Anayejua hayo akaa kimya akimngojea asiyejua. Hatusemi ya kuwa amwibia. Twasema tu ya kuwa fedha yafuata njia moja.

Hesabu hiyo haitoshi, kwani mchezaji huficha karata zake, na asiye na kitu aweza kuweka dau kubwa ili mwenzake aogope na kujitoa. Mwalimu mmoja alituuliza kama huo si uongo. Twaona si uongo, maana wote wamekubali kuchezeana hivyo. Ni kama mchezaji wa mpira anayejifanya apita kushoto akapita kulia. Kutia alama katika karata, hilo ni jambo jingine kabisa.

Linalowaharibu watu wetu zaidi si hilo bali ni kungojea. Mtu ameshindwa mara kumi, asema: Sasa zamu yangu imekaribia, nikiondoka nitamwachia mwingine bahati yangu. Karata hazikumbuki. Zikichanganywa vizuri, zile 52 hazijui nani alishindwa jana, wala nani ana mtoto aliyerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya ada. Mkono wa kumi na moja ni kama wa kwanza. Tumewaona mababa walioondoka mezani alfajiri bila franka, na wote walisema neno moja: ilikuwa karibu kuja. Tena wengine walikuwa wamesali ipate kuja! Aketiye upande wa pili naye amebatizwa, naye ana watoto.

Hapo twafika kwa wale wanaotaka kuzichoma. Kura yenyewe si dhambi. Mitume walimpata Mathia kwa kura. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2413, yafundisha ya kuwa michezo ya bahati yenyewe si kinyume cha haki, ila yawa mibaya inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine. Tena yaonya ya kuwa tamaa ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa. Mezani fedha haizaliwi. Kila franka anayoingiza mmoja imetoka mfukoni mwa jirani, na palipo na mwenye nyumba ya kamari, yeye huchukua fungu lake kwanza.

Mtakatifu Camillo de Lellis alijua utumwa huo. Alikuwa askari, na mwaka 1574 katika mji wa Napoli alipoteza vyote kwa kamari. Akaenda kufanya kazi ya vibarua katika jengo la Wakapuchini huko Manfredonia, na mwaka 1575 akaongoka. Aliyekuwa amepoteza vyote mezani akatumia maisha yake kuwauguza wagonjwa, akaanzisha shirika lenye msalaba mwekundu juu ya kanzu, akafa Roma mwaka 1614. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1746, naye ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi.

Kuhusu usiku wa kilio, sisi twaona karata zibaki, na mahali pa franka ziwekwe punje za mahindi. Na walimu wa shule zetu wangefanya vema kuwahesabia vijana mambo haya darasani kabla hawajahesabiwa na wengine. Atakayetaka kuanza, aondoe kwanza karata 32, abaki na zile 20 za watu wa Mississippi. Hesabu yake ni ndogo, yaingia yote katika ubao mmoja.