Mkimya Kazini Si Mwenye Kiburi

Bila shaka katika ofisi yenu yumo mtu ambaye kinywa chake hufunguka kwa nadra. Pengine mtu huyo ni wewe. Nami ni mmoja wao. Nilipokuwa nikifanya kazi katika ofisi moja huko Msambweni, wenzangu walisema naringa, kwa sababu tu sikushiriki soga za chai ya saa nne.

Hata hivyo, huku pwani ya kusini jambo ambalo watu hawalisamehe ni kunyimwa salamu. Mwenzio utamjulia hali yeye, mama, watoto, hata safari yake ya matatu kutoka Ukunda, ndipo mshike kazi. Basi nikawa nafika mapema na kumsalimu kila mtu kwa jina lake. Soga nikawaachia wenyewe. Haukupita muda, yule mwenye maringo akaitwa mpole.

Lakini upo ukimya unaoponza. Siku moja mkutanoni, mwenzangu alisoma taarifa niliyoihangaikia wiki nzima kana kwamba ni yake, akapigiwa makofi. Sikugombana naye. Kesho yake nilimwendea mkubwa wetu faraghani na nakala zangu zenye tarehe. Tangu hapo kila kazi nikawa naikabidhi kwa maandishi. Silaha ya mkimya ni kalamu.

Tena sheria inamkumbuka mkimya. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 chamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kushindwa kuimudu kazi yake, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, aliyemchagua mwenyewe. Kwa hivyo, ikiwa ulimi wako huwa mzito mbele ya wakubwa, usiende peke yako.

Nawe mkubwa wa ofisi, usidhani aliyenyamaza hana la kusema. Mwite kando, mwulize, kisha mpe nafasi ya kufikiri. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Ndugu yangu mkimya, hulazimiki kuwa msemaji wa baraza. Ila jasho lako likitaka kuporwa, au haki yako ikiwa hatarini, hapo sema, hata kama ni maneno matatu tu.