Siku Tuliyokwenda Kutazama Masweta

Mume wa mwenzetu alicheka sana tulipomweleza safari yetu. "Mnapanda treni kwenda kutazama masweta? Kwani masweta si mnayo kabatini?"

Kwa haki, hakukosea. Sisi tunaoishi Glasgow, huku Uskoti, hatuwezi kusema tumepungukiwa na masweta, maana baridi ya huku haina likizo. Lakini tangu Krismasi zamu zetu za kazi zilikuwa zinapishana, huyu akiingia, yule anatoka. Ilipotokea Jumamosi moja ya Februari 2024 ambayo sisi wawili tulikuwa huru, hatukutaka kuipoteza kwa kufua na kupiga pasi. Tukaacha wali na maharage ndani ya friji, tukawaachia watoto orodha ya kazi, na akina baba tukawaachia watoto. Saa tatu asubuhi tulikuwa ndani ya treni ya Edinburgh.

Akina mama wenzetu, ni vizuri mkajua kwanza sisi ni akina nani. Ni wauguzi, tulisomea stashahada zetu nyumbani Tanzania, na sasa tunahudumia wazee katika wodi moja. Kila Alhamisi jioni huwa tunakwenda kwenye ukumbi wa kanisa, ambako bibi wa Kiskoti wapatao kumi hukutana kufuma. Wanafuma kofia za watoto njiti, kwa sababu kichwa cha mtoto wa namna hiyo ni kikubwa kulingana na mwili wake, na joto jingi hupotelea hapo. Wanafuma pia mifuko ya mikono kwa wagonjwa waliopotewa na kumbukumbu. Mfuko huo huwa wazi pande zote mbili, na ndani na nje hushonewa vifungo, riboni, zipu na vipande vya kitambaa. Mgonjwa anaingiza mikono yake humo, anapapasa, anavuta, anafungua na kufunga. Kila aliyewahi kumhudumia mzee anayeng'oa mpira wa dripu usiku kucha atatuelewa tukisema kwamba mfuko huo mdogo ni msaada mkubwa kwa mgonjwa na kwa muuguzi.

Mwenzetu alikuwa haachi Alhamisi hata moja, lakini sindano hashiki. Atachemsha chai, atakata keki, atahesabu kofia na kuzipanga katika boksi. Ukimpa uzi anacheka na kusema, "Mimi hayo mambo siyajui." Tulimwamini. Tulidhani hata kwenye maonyesho anakwenda kutusindikiza tu.

Maonyesho yenyewe yaliitwa Knitwear: Chanel to Westwood, na yalikuwa Dovecot Studios kuanzia Oktoba 2023 hadi Machi 2024. Ukishuka kituo cha Waverley unapanda kilima kwa mguu, si mbali, mpaka mtaa unaoitwa Infirmary Street. Jina hilo lilitufurahisha, kwa maana hospitali kuu ya kwanza ya Edinburgh ilisimama hapo kabla ya kuhamishwa mwaka 1879. Kumbe hata siku ya mapumziko tulikuwa tumejipeleka kazini! Jengo la Dovecot lilikuwa bwawa la kuogelea la umma katika enzi za Malkia Victoria. Siku hizi pale palipokuwa na maji pamewekwa mitambo ya mafundi wanaofuma vitambaa vikubwa vya kutundika ukutani, kazi ambayo Dovecot ilianza mwaka 1912.

Nguo zilikuwa zaidi ya 150, na nyingi zimetoka katika mkusanyiko wa mke na mume mmoja, Cleo na Mark Butterfield. Hatutazisimulia zote. Zilikuwapo nguo za kuogelea za sufu, na tulicheka tukifikiria uzito wake zikishalowa. Tulisoma habari za Gabrielle Chanel wa Ufaransa, ambaye mwaka 1916 alichukua kitambaa cha jezi, kilichokuwa kikitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume, akakitumia kuwashonea mabibi matajiri. Tulisoma pia juu ya Elsa Schiaparelli, aliyepata sifa mwaka 1927 kwa sweta jeusi lenye tai nyeupe ya kipepeo shingoni, ambayo ukiikaribia unaona si tai, ni picha iliyofumwa ndani ya sweta lenyewe. Aliyemfumia ni mwanamke wa Kiarmenia aliyeishi Paris. Jina lililokuja kuwa kubwa duniani ni la Schiaparelli.

Jambo hilo lilituganda akilini tulipofika kwenye masweta ya Fair Isle, yale ya mistari yenye nakshi za rangi nyingi, yanayotoka visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Mwaka 1922 mwana wa mfalme wa Uingereza alivaa moja akicheza gofu, na baada ya hapo kila kijana wa mjini akalitaka. Lakini huko visiwani, wanawake walifuma huku wakitembea, na mzigo wa mboji kavu ya kuwashia moto mgongoni. Mwaka 1872 tume ya serikali ilipochunguza malipo yao, ilikuta wengi wanalipwa chai na vitambaa vya dukani badala ya fedha. Mwanamke anaweza kufuma shali nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa, halafu hana senti ya kununulia unga. Akina mama mliowahi kukesha mkifuma vitambaa vya makochi, mteja akaja kuvichukua kwa mkopo, hamhitaji maelezo zaidi.

Mwenzetu alikuwa anatembea haraka haraka, kama mtu anayekagua wodi. Mara akasimama. Tulikuwa tumefika kwenye nguo za wakati wa Vita Kuu ya Pili. Uingereza ya wakati ule nguo zilikuwa za kugawiwa kwa kuponi, kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949. Mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na hata uzi wa sufu ulihitaji kuponi. Kwa hiyo akina mama walifumua masweta ya zamani wakafuma mapya, na serikali yenyewe ikatoa kijitabu mwaka 1943 cha kuwahimiza kutengeneza na kurekebisha walichokuwa nacho. Mbele yetu palikuwa na sweta la mistari ya rangi zisizopangwa, mwenye kulifuma akiwa ametumia alichonacho. Hakuna jina la fundi.

"Hili limetokana na kufumua," mwenzetu akasema kwa sauti ndogo. "Tazama pale alipounga uzi." Akakaa kimya kidogo. "Dada, mimi najua kufuma. Nilifundishwa nikiwa darasa la tatu."

Palikuwa na benchi karibu. Tukakaa.

Yeye alizaliwa Makete mwaka 1981. Anayeijua Makete anajua umande wa mwezi wa sita na wa saba, asubuhi majani yamekuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Miaka ile ya baada ya vita vya Kagera sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, nguo ndiyo usiseme, na mitumba ilikuwa haijaenea sokoni kama ilivyokuja kuwa. Baba yake alikuwa na sweta moja la kahawia alilolipata akifanya kazi kwenye mashamba ya chai Mufindi. Lilipochakaa viwiko, mama yake alilifumua lote, akafuma la mtoto. Mtoto alipokua akalifumua tena, akaongeza uzi mahali pengine. Kazi ya binti ilikuwa kunyoosha mikono mbele, mama anazungusha uzi juu yake. Kisha uzi unaoshwa na kuanikwa kwenye mti wa mpeasi, umefungiwa jiwe chini ili ule mkunjo uondoke.

Mwaka 1995 aliingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Mama akalifumua sweta lile mara nyingine. Safari hii uzi wa kahawia haukutosha, akamalizia mikono kwa mistari ya bluu. Wasichana bwenini walikuwa na masweta ya dukani na ya mtumba yenye vifungo vizuri. Wakamwita punda milia. Alivumilia wiki tatu. Wiki ya nne akalipeleka kwenye uzio, akampa mama mmoja muuza ndizi, akapewa kipande cha sabuni na ndizi tano. Alipokwenda likizo alimwambia mama yake kwamba limeibwa kwenye kamba.

"Unajua alisema nini? Alisema, pole mwanangu, wezi wa siku hizi hawana huruma, na baridi yote hii. Basi."

Shule ilipofunguliwa alikuta sweta jipya juu ya sanduku lake. La kijani. Mama alikuwa na shali moja tu ya sufu, ya kijani, aliyokuwa akiivaa kanisani. Tangu mwaka ule, Jumapili za baridi, mama alikwenda kanisani amejifunga khanga mbili. Mwenzetu alilivaa lile la kijani hadi kidato cha nne, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Lakini ukweli hakuusema. Alisema ataueleza atakapomaliza shule, kisha atakapoolewa, kisha atakaporudi likizo kutoka Ulaya.

Mama alifariki katikati ya mwaka 2021. Tanzania ilikuwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, na aliyetoka huko alilazimika kukaa siku 10 karantini hotelini kwa gharama yake. Mwenzetu alikuwa na watoto watatu na fedha hana. Mazishi aliyatazama kwenye simu, akiwa amekaa juu ya kitanda na sare ya kazi mwilini, mtandao ukikatika kila dakika chache. Ulipokatika mara ya mwisho, jeneza lilikuwa bado halijashushwa.

"Na hapa," akasema akionyesha lile kabati la kioo, "wameliwekea taa."

Sisi ambao kazi yetu ni kukaa na watu waliofiwa tulijikuta hatuna neno. Tuna maneno ya wodini, tumeyazoea, yanatoka yenyewe. Tulitaka kumwambia kwamba mama alikwisha kumsamehe, lakini nani alitutuma kusema hivyo? Mtu akidanganywa bila kujua kuwa amedanganywa, atasamehe nini? Mwenzetu mwenyewe aliuliza, "Unafikiri alijua?" Tukamjibu ukweli, kwamba hatujui. Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, alipita akatutazama, akaenda kusimama mbali kidogo na kuwageuzia watu upande mwingine. Mungu ambariki yule mama.

Sehemu iliyobaki tuliitazama kwa kupita. Jambo moja tu lilitufanya tucheke tena. Rei Kawakubo wa Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitengeneza masweta meusi yenye matundu makubwa ya makusudi, na dunia ya mitindo ikashangaa. "Miaka hiyo hiyo," mwenzetu akasema, "mama yangu alikuwa anaziba ya kwetu." Tulicheka mpaka tukaona haya.

Tulikunywa chai, tukanunua kadi mbili za posta, basi. Kwenye treni ya kurudi tulitoa mfuko wa mikono tuliokuwa tumeuanza Alhamisi iliyopita, maana safari ya karibu saa nzima ni muda mzuri wa kufuma. Baada ya kituo cha kwanza mwenzetu alinyoosha mkono. "Umeruka kitanzi. Na hapa pia umeruka. Hebu lete." Alifumua mistari mitatu bila hata kutuomba radhi, kisha akaanza kufuma, na vidole vyake vilikuwa na kasi ambayo sisi, kwa miaka yote ya Alhamisi zile, hatujaifikia. Hakuangalia sindano. Aliangalia dirishani, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, na hatukumwambia anyamaze.

Mumewe alitupokea mlangoni. "Haya, masweta yalikuwaje?" Mkewe akamjibu, "Nitakueleza watoto wakilala." Tuliaga haraka.

Alhamisi iliyofuata alikuja ukumbini na binti yake wa miaka kumi na minne, ambaye hakuficha kwamba ameletwa kwa nguvu. Alikuwa pia na sweta la kijivu la mumewe lililotoboka viwiko. Bibi mmoja akauliza kama analitupa. Akasema hapana, akatafuta mshono wa begani, akaukata kwa uangalifu, akapata ncha ya uzi, akavuta. Mstari wa kwanza ukafumuka, wa pili, wa tatu. Akamwita binti yake asimame mbele yake na kunyoosha mikono, akaanza kuzungusha uzi juu yake.

Sisi tulikwenda kuchemsha chai, kwa kuwa kazi hiyo sasa ilikuwa haina mtu. Kutoka jikoni tulimsikia mtoto akilalamika, "Mama, mikono inauma."

"Bado kidogo," mama yake akasema. "Usiishushe."