Kutoka Rissne Hadi Mji wa Makauboi

Jirani yetu wa ghorofa ya pili, Msyria, ndiye aliyetutia hamu. Alifika Uswidi mwaka 2015, na kitanda chake cha kwanza nchini humu kilikuwa ndani ya mji wa makauboi. Wanangu walidhani anawatungia hadithi. Julai, mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Meatu, Tanzania, tukasema twende tukaone.

Tuliteremka na mabegi kituo cha treni cha Rissne, mtaa wetu wa pembezoni mwa Stockholm, chini ya ardhi, ambako ukutani imeandikwa historia ya dunia tangu miaka 3000 kabla ya Kristo hadi 1985, mwaka kituo kilipofunguliwa. Mjini tukachukua gari la kukodi, tukaishika barabara ya E4 kuelekea kusini, ziwa Vättern likitusindikiza upande wa kulia.

Ukishapita Jönköping unaingia misitu ya Småland, na kila penye shamba pana ukuta wa mawe. Mama hakuacha kuzitazama kuta hizo. Nikamweleza kuwa wakulima waliyaokota mawe moja moja ili wapate pa kupanda, na bado njaa ya 1867 hadi 1869 ikawaelemea. Kufikia miaka ya 1920, Waswidi zaidi ya milioni 1 walikuwa wamehamia Marekani, na wengi walitokea huku.

“Kwa mawe haya,” mama akasema, “hata mimi ningehama.”

Mji wenyewe unaitwa High Chaparral, uko Hillerstorp. Bengt Erlandsson, mwenyeji wa huku aliyeipenda mno Marekani ya makauboi, aliufungua mwaka 1966. Nyumba ni za mbao, kuna baa, benki, jela, na treni ya mvuke. Tuliipanda. Njiani majambazi wakaivamia, baruti zikalia, mdogo akajificha kwapani mwangu huku kaka yake akimtafuta steringi kwa macho.

Tuliposhuka mama akauliza, “Ng’ombe wako wapi?”

Barabara ile yote hatukuwa tumeona hata mmoja. Basi akakaa kwenye benchi akawasimulia wajukuu: babu yao alikuwa akiswaga ng’ombe themanini hadi mnadani, siku tatu kwa miguu, fimbo mkononi, usiku wakisikia simba. Nyuma yetu risasi zikaanza upya. Watoto hawakugeuka.

Kabla ya kuondoka tulipiga picha kila pembe kwa ajili ya jirani. Mamia ya watu waliokimbia vita walihifadhiwa hapa mwaka ule aliofika.

Jioni ya kurudi tulimkaribisha chai. Akazipitia picha polepole, akizikuza kwa vidole viwili.

“Muulize,” mama akaniambia, “wanawe walikuwa wakichezea wapi?”

Nikatafsiri. Akarudi nyuma picha mbili, akagusa mlango wa jela.