Mtoto wa Norman Bates

Wengine hurithi shamba. Osgood Perkins alirithi hofu. Babu yake alikuwa mwigizaji. Baba yake, Anthony, ndiye Norman Bates wa Psycho (1960). Mwaka 1983, bado mtoto, Oz mwenyewe aliigiza Norman mdogo kwenye Psycho II.

Baba alifariki mwaka 1992 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Mama, Berry Berenson, alikuwa ndani ya moja ya ndege za Septemba 11, 2001.

Longlegs (2024) ndiyo iliyompa jina kubwa kama mwongozaji. Lakini jamani, mimi naikubali zaidi The Monkey (2025): watu wanakufa ovyo, bila sababu, na sisi tunacheka. Wapo wanaoiita mzaha mtupu. Mimi namwona mtu anayejua kwamba kifo hakipigi hodi wala hakitoi maelezo. Wewe waonaje?