Ziwa Ngosi kwa Mwendo wa Bibi

Sisi wakazi wa jiji la Mbeya tunaishi katikati ya milima, lakini wengi wetu tunaijua kwa macho tu. Upande wa kaskazini, Mlima Loleza umesimama juu ya mapaa ya nyumba zetu. Upande wa kusini-mashariki, safu ya Uporoto imeziba upeo wa macho. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kuikwea, ilhali mtoto wetu humaliza darasa la saba bila kukanyaga hata kilele kimoja. Suratul Ghashiya inatuhimiza tuitazame milima jinsi ilivyosimamishwa. Kuitazama kutoka dirishani ni mwanzo mzuri, lakini miguu nayo ina somo lake.

Kwa sababu hiyo, kamati ya msikiti wetu iliamua kwamba mwaka huu familia za jamaa yetu zitembee pamoja kwa siku moja hadi Ziwa Ngosi. Tulichagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi Septemba. Kipupwe cha Juni na Julai kinakuwa kimepita, mvua hazianzi mpaka Novemba, na njia ya msituni inakuwa kavu. Anayekwenda Ngosi wakati wa masika hutembea juu ya utelezi mtupu, kwani nchi ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania.

Hoja haikupita bila mjadala. Baadhi ya wazee walihoji iwapo safari ya mlimani inawafaa akina mama na mabinti. Wengine waliona watoto wadogo watakuwa mzigo. Baada ya mashauriano tulikubaliana masharti matatu: kila familia iende pamoja na wakubwa wake, Sala zisaliwe kwa wakati wake, na msafara usigawanyike kwa hali yoyote ile. Sharti la tatu lilionekana jepesi kuliko yote siku tulipoliandika. Ndilo lililotushughulisha zaidi.

Waliojiandikisha walikuwa thelathini na wanne. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mjane aliyekuwa amemaliza eda yake miezi michache nyuma, pamoja na watoto wake watatu. Aliyewasindikiza ni Bibi yao, mama mzazi wa marehemu, mwenye umri wa miaka sitini na saba, goti moja bovu na fimbo ya mti wa mpera. Marehemu alikuwa amewaahidi watoto wake kwamba ipo siku atawapeleka Ngosi. Ajali ilimtangulia. Bibi alipofika kuandikisha jina, tulimweleza kwa adabu kwamba njia ni ya kupanda. Alitujibu kwamba ahadi ya mwanawe ni deni, na madeni ya maiti hulipwa na warithi.

Tuliondoka msikitini baada ya Sala ya Alfajiri. Gari liliacha barabara kuu ya Zambia pale Uyole, likashika njia ya Tukuyu, ile inayoendelea hadi Kyela na mpaka wa Malawi. Kuanzia hapo ni kupanda. Hewa ilianza kuwa baridi na akina mama wakawafunga watoto mitandio. Kulia na kushoto mashamba ya viazi mviringo, kabichi na pareto yalikuwa yamejipanga hadi kwenye miteremko mikali, na magunia ya viazi yenye lumbesa yalisubiri malori kando ya barabara. Tulipofika Isongole, yapata kilometa 35 kutoka mjini, tukachepuka kwenye barabara ya vumbi mpaka ukingo wa msitu wa hifadhi. Tulilipa ada ya kuingia, tukapewa stakabadhi, na kijana wa kijijini akawa kiongozi wetu wa njia.

Kabla ya kuanza kupanda tuliwapanga watu. Kwa kawaida katika misafara ya namna hii vijana hutangulia, watu wazima hufuata, na mdhaifu hubaki nyuma akihema peke yake. Kila wenye nguvu wanapopumzika ili wamsubiri, yeye hufika tu, nao husimama kuondoka. Hivyo wao hupumzika na yeye hapumziki kabisa. Tuligeuza mpango huo. Bibi aliwekwa mbele, nyuma ya kiongozi, na ikatangazwa kwamba hakuna ruhusa ya kumpita. Msingi wake si mgeni kwa Waislamu. Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wanaosalisha watu wapime kwa yule aliye dhaifu zaidi miongoni mwao, kwani nyuma yao wamo wazee, wagonjwa na wenye haja.

Msitu wa Ngosi humpokea mtu kwa kivuli. Tulipita chini ya miti mirefu yenye ndevu za kijani zilizoning'inia matawini. Chini yake ilikuwapo migomba pori yenye majani mapana kuliko mikeka yetu, mianzi iliyosongamana, na kangaga zilizotambaa kila penye unyevu. Mara mbili tulisikia ngurumo za mbega, na mara moja watoto waliwaona wakiruka, mikia yao myeupe ikipepea nyuma yao. Kwa kuwa tulikwenda polepole, watoto walipata muda wa kuuliza kila kitu. Kiongozi wetu aliwaonesha vinyonga wadogo na nyayo za wanyama ambazo mwendo wa haraka ungetupitisha bila kuziona.

Mtu mzima mwenye afya hutumia saa moja hadi saa moja na nusu kutoka ukingo wa msitu mpaka juu. Baada ya saa moja na nusu sisi tulikuwa katikati ya njia. Hapo manung'uniko yalianza. Kijana mmoja wa sekondari, aliyekuwa amebeba dumu la maji, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kwa mwendo huo tutafika juu usiku. Wenzake wawili waliomba ruhusa ya kutangulia. Tuliwakatalia, nao wakanyamaza wakiwa wamekunja nyuso.

Mbele kidogo njia ilisimama kama ngazi, mizizi ikiwa ndiyo vidato. Bibi alipanda vichache, kisha akaketi juu ya gogo na kuishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Wanangu," alisema, "niacheni hapa. Mtanikuta mkirudi." Mkwewe alisema hapo hapo kwamba atabaki naye. Watoto wao walitazamana. Mkubwa wao, binti wa darasa la sita, alianza kuvua begi lake mgongoni bila kusema neno.

Ilitubidi tushauriane papo hapo. Ushauri wa wazi ulikuwa ni kuwaacha wawili au watatu pamoja na Bibi ili wengine waendelee. Hakuna ambaye angetulaumu. Lakini tulijua kwamba tukifanya hivyo, waliokuja kwa ajili ya ahadi ya marehemu ndio wasingelifika, na waliokuja kutembea tu ndio wangelifika. Tulimuuliza kiongozi wa njia, akasema sehemu kali iliyobaki si ndefu. Tulimuuliza Bibi kama ni pumzi au ni goti. Akasema goti halijambo, ila pumzi ndiyo inamkimbia. Basi tukaketi wote. Chai ikamiminwa kutoka kwenye chupa, maandazi yakagawiwa, na watu thelathini na wanne wakanywa chai msituni juu ya mizizi.

Tuliponyanyuka, mjukuu wa kiume, mwenye miaka tisa, alijiteua kuwa mhesabuji. "Bibi, hatua kumi na tano, kisha tunasimama." Akahesabu kwa sauti. Kumi na tano, tukasimama. Kumi na tano nyingine, tukasimama. Kufika mara ya nne msafara mzima ulikuwa unahesabu pamoja naye, na sauti iliyosikika zaidi nyuma ilikuwa ya yule kijana wa dumu.

Tulifika ukingoni saa sita kasoro dakika kumi, baada ya saa mbili na nusu za kupanda. Hatukuona ziwa. Ukungu ulikuwa umelijaza shimo lote kama pamba iliyoshindiliwa kikapuni. Tuliketi tukasubiri. Upepo ulipovuma, ukungu ulifunguka upande mmoja, na chini kabisa yakaonekana maji ya kijani kibichi, yametulia, yamezungukwa na kuta za msitu pande zote. Watoto waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza wenyewe.

Ziwa hili limo ndani ya mlima wa volkano ambao kilele chake kililipuka na kuporomoka. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulitokea chini ya miaka 1,000 iliyopita, muda mfupi sana katika umri wa milima. Ukingo wa juu unafikia takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lina urefu wa kilometa mbili na nusu hivi, na kina chake kinazidi mita 70. Hakuna mto unaoonekana kuingia wala kutoka. Maji ya mvua na ya chini ya ardhi ndiyo yanayolilisha, na mengine hupenya kurudi ardhini. Wenyeji husema kwamba ukilitazama kutoka juu lina umbo la ramani ya Afrika, na watoto wetu walibishana kwa raha ni wapi penye Tanzania.

Zipo pia simulizi za joka linalokaa majini. Mtoto mmoja aliuliza kama ni kweli. Ustadhi wa madrasa alimjibu bila kumdhihaki mwenyeji wetu: wazee wa zamani waliliogopa ziwa, na kwa hofu hiyo hawakukata miti yake wala kuchafua maji yake. Sisi tunamwogopa aliyeliumba, kwa hiyo tunapaswa kulitunza kuliko wao. Kisha akagawa gunia la kukusanyia chupa, na watoto wakaanza kuokota hata zile walizoacha waliotutangulia.

Ilipofika saa saba kasoro dakika ishirini, adhana iliadhiniwa ukingoni. Wengi walikuwa bado na udhu wao wa chini. Waliohitaji kuuhuisha walitumia maji ya madumu kwa kipimo cha mudi, kiasi kisichofika lita moja, kama ilivyopokewa katika Sunna. Tulisali Adhuhuri rakaa nne kamili, kwani mwendo wetu kutoka Mbeya haukukaribia kilometa themanini na ushei ambazo wanazuoni wengi wanazihesabu kuwa safari ya kupunguza Sala. Kibla kwa watu wa Mbeya ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Kwa kuwa mahali palikuwa pembamba tulisali kwa makundi mawili. Kundi moja likisali, jingine liliwashika watoto wasiukaribie ukingo.

Baada ya Sala, yule mtoto wa miaka tisa alitaka kuteremka mpaka kwenye maji. Ipo njia, lakini ni ya kushikilia mizizi kwa mikono, na mara nyingi udongo humeguka. Kiongozi alikataa, mama yake alikataa, naye akaanza kulia, akisema kwamba baba yake alimweleza aliwahi kunawa uso katika maji yale. Hakuna mtu mzima aliyejua amjibu nini. Bibi alimwita karibu, akamfuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Ni kweli alinawa," alimwambia. "Lakini baba yako aliteremka kabla hajakuzaa wewe. Alipokuja tena ulipokuwa umezaliwa, aliishia hapa hapa tulipokaa."

Mtoto alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama baba yake alikaa upande gani wa lile jiwe. Bibi akamwonesha, naye akaenda akaketi hapo mpaka tulipoitana kuondoka.

Kushuka kulichukua muda mfupi kuliko kupanda, ingawa tuliendelea na utaratibu ule ule wa Bibi mbele. Goti ndilo lililosumbua zamu hii, na yule kijana wa dumu alimpa bega lake mpaka chini bila kuagizwa. Alasiri tulisali pembezoni mwa msitu, tukala viazi vya kuchemsha na mayai, tukapanda gari.

Kwa familia zitakazopenda kwenda, tunashauri haya. Nendeni kati ya Agosti na Oktoba, na mwanze kupanda kabla ya saa tatu asubuhi. Vaeni viatu vya kushika ardhi, si kandambili. Chukueni koti, kwa kuwa juu kuna baridi hata kiangazi, na maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu mzima. Msiingie msituni bila kiongozi wa kijijini. Msiwaruhusu watoto kuteremka ziwani. Na ikiwa katika msafara wenu yumo mzee au mtoto mdogo, mtangulizeni yeye, nanyi mfuate nyuma. Mtachelewa saa moja hivi, na saa hiyo mtaiona njia yote.

Kamati imeshapokea majina ya safari ya mwakani. Jina la kwanza katika orodha ni la Bibi, na mbele yake ameandika kwa mkono wake: na wajukuu watatu, Mwenyezi Mungu akipenda.

Wabillahi tawfiq.