Maji Matamu na Maji ya Magadi

Katika Bonde la Ufa nchini Kenya yako maziwa matano yanayofuatana kutoka kusini kwenda kaskazini: Naivasha, Elementaita, Nakuru, Bogoria na Baringo. Naivasha na Baringo yana maji matamu. Yale matatu ya katikati yana maji ya magadi, machungu mdomoni. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 tuliyapitia yote kwa gari letu dogo, sisi wawili tu, kwa siku nne. Ilikuwa likizo yetu ya kwanza tangu tulipomzika binti yetu, miaka mitatu nyuma.

Washirika wenzetu walitubeba katika msiba ule. Walikesha nasi, walichanga, walipika, waliimba. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, kama inavyopaswa, nasi tukabaki na kiti kisichokaliwa mezani. Hatukugombana. Tuliacha tu kumtaja. Mmoja wetu alihofia kumliza mwenzake, na mwenzake alikuwa na hofu hiyohiyo. Ibadani tulikiri kwamba Mungu ni mwema, na tulimaanisha. Nyumbani tulizungumza kuhusu karo na bei ya unga.

Tulishuka bondeni kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu. Kando yake kuna kanisa dogo sana, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita Waitaliano waliokuwa wakiitengeneza barabara hiyo. Tuliingia tukapiga magoti. Tuliwafikiria watu wale, mbali na kwao, wasiojua watarudi lini, waliotenga mawe na siku zao wapate mahali pa kumlilia Mungu. Sisi tuliomba kimyakimya, kila mtu peke yake.

Naivasha tulilala karibu na maji, tukisikia viboko wakikoroma usiku. Asubuhi kijana aliyetutembeza ufukweni alitueleza jambo tusilolijua. Ziwa lile hupokea mito, ukiwemo Malewa, lakini hakuna mto unaoonekana ukitoka. Tukamuuliza, mbona basi maji yake si ya chumvi? Akasema maji hupenya chini kwa chini, kupitia ardhini, yakaenda na chumvi yake. Baringo nalo ni hivyo. Lakini Elementaita, Nakuru na Bogoria hayana njia ya kutokea. Maji yake huondoka kwa kukaushwa na jua, na jua huchukua maji likaiacha chumvi, mwaka baada ya mwaka.

Wengi wetu tumesikia mahubiri kuhusu Bahari ya Chumvi, kwamba inapokea bila kutoa. Sisi siku ile hatukuwaza kuhusu sadaka. Tulitazamana, kila mmoja akajua mwenzake anawaza nini, na hakuna aliyesema.

Ni haki kuyasifu pia maziwa ya magadi. Pale Bogoria maji ya moto yanaruka kutoka ardhini yakifuka mvuke, na ukingo wa ziwa ulikuwa wa rangi ya waridi kwa sababu ya heroe, wale ndege wanaoitwa pia flamingo. Chakula chao ni mwani mdogo unaostawi katika maji yaleyale machungu. Miaka ya karibuni maji ya Ziwa Nakuru yalipoongezeka na magadi yakapungua, heroe wengi walihama. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba uchungu hauna kazi mbele za Mungu. Naomi aliporudi Bethlehemu aliwaambia wanawake wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alikuwa amemtenda mambo machungu, na Mungu hakumkemea. Alimpa Ruthu, na baadaye mtoto wa kupakata. Lakini tukumbuke kwamba Naomi alisema. Aliingia mjini akasema.

Siku ya tatu tulifika Baringo na kupanda boti. Ziwa lile limepanda sana, hasa karibu na mwaka 2020, likameza nyumba, hoteli na mashamba. Migunga iliyokufa imesimama majini kama nguzo. Nahodha wetu, kijana wa pale, alizima injini katikati ya miti hiyo akaonyesha kwa kidole.

"Hapa ndipo palikuwa nyumbani kwetu, mzee. Jikoni kwa mama ni pale penye ule mti uliopinda."

Tulimuuliza kama haimuumi kuisimulia habari hiyo kwa kila mgeni.

"Inaniuma, mama. Lakini nikinyamaza, mtadhani hapa palikuwa maji tangu zamani."

Hatukuwa na jibu. Boti ilicheza kidogo juu ya maji. Baadaye, kwa kutaka tu kuendeleza mazungumzo, akatuuliza tuna watoto wangapi. Tangu msiba, swali hilo tulikuwa tukilipita haraka. Mmoja wetu akasema, "Watatu. Wa kwanza alitangulia mbele za haki." Mwenzake akaongezea jina lake, na kwamba alipenda kuimba sauti ya pili, na kwamba angeogopa boti hii. Tukacheka, kisha tukalia, tukiwa tumeshikana mikono mbele ya mtu tusiyemjua. Naye alisubiri, hakuwasha injini mpaka tulipomaliza.

Huzuni haijaisha, wala hatusemi kwamba safari iliiponya. Mito inaendelea kuingia. Ila sasa tunajua kwamba Mungu hakutuagiza tuyazuie maji. Siku hizi kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni tunataja jina la mtoto wetu katika sala, na mmoja wetu anasimulia jambo moja juu yake. Wakati mwingine ni dakika mbili tu. Hakuna anayetuona, kama vile hakuna anayeuona mto wa chini ya Naivasha.

Wapendwa, mnawajua wazazi waliofiwa katika jumuiya zenu. Msiogope kuwakumbusha, hawajasahau. Waulizeni jina la mtoto, kisha msikilize, wala msiwe na haraka ya kuwasha injini.